M ya Mandazi

Watahini waliirudisha tasnifu yangu kwa sababu ya picha moja. Moja tu. Kurasa mia na kitu walizipitisha, majedwali wakayapitisha, hata sura ya tatu ambayo mimi mwenyewe siipendi waliipitisha. Kisha wakafika kwenye picha ya seli mbili za hamira, wakaandika kando yake kwa wino wa kijani kwamba haionekani vizuri, irudiwe, na irudiwe kwa hamira ileile. Nilipewa hadi mwisho wa muhula. Usajili wangu wa uzamili nao ulikuwa ukiisha siku hiyohiyo. Nilikuwa nimefundisha biolojia katika shule ya upili huko Nyamira kwa miaka minne, huku nikisoma chuoni Kisii jioni na likizoni, na sikuwa na nguvu ya kuanza upya. Ama picha ipatikane, ama miaka minne yote iende bure.

"Kwa hamira ileile." Mtu anayeandika maneno hayo hajawahi kufanya kazi katika maabara yetu.

Nieleze kidogo, kwa sababu kutoeleza ndiko kulikoniponza. Seli ya hamira haina mdomo, lakini inameza. Utando wake, ile ngozi nyembamba inayoizunguka, hubonyea kwa ndani na kufanya kijifuko, kijifuko hicho hujikata na kuzama ndani pamoja na chochote kilichokuwa nje. Ili utando ubonyee hivyo unahitaji mafuta ya aina fulani yanayoitwa steroli. Ni ndugu wa ile kolesteroli ambayo tunatishiwa nayo kila tukipimwa presha. Steroli ya hamira inaitwa ergosteroli.

Mimi nilikuwa na hamira mbili. Moja ilikuwa ya kawaida. Ya pili ilikuwa na hitilafu ya kuzaliwa: ilishindwa kukamilisha ergosteroli, ikaishia njiani na kujipaka mafuta ya kubahatisha. Ukizitia zote mbili rangi nyekundu inayoshika utando, kisha ungoje, ile ya kawaida huimeza rangi mpaka unaiona imekusanyika katikati. Ile yenye hitilafu hubaki na pete nyekundu pembeni. Rangi imekwama mlangoni. Pete hiyo ndiyo picha waliyotaka, na pete hiyo ndiyo iliyokuwa shahada yangu.

Basi jaribu kuyasema hayo Kebirigo. Nyumbani kwetu ni Waadventista kindakindaki. Mama yangu anachuma majani chai siku tano kwa wiki na hajawahi kuinywa hiyo chai, kwa kuwa kanisa lilimfundisha hivyo akiwa msichana. Watu wa namna hiyo ukiwaambia unasomea hamira chuo kikuu, wanasikia kitu kimoja tu. Jirani mmoja aliniuliza, bila haya, kama siku hizi busaa, ile pombe ya kienyeji, inaiva kwa siku mbili. Mzee wa kanisa alimvuta mama kando baada ya maombi ya Jumatano jioni akamuuliza kama ni kweli binti yake anapika pombe kwa kibali cha serikali. Mama alirudi nyumbani amenuna, akanikuta jikoni nikimenya ndizi.

"Mwalimu," alisema. Mama ananiita mwalimu tangu siku niliyoajiriwa, akifurahi na akikasirika. "Hebu niambie ukweli. Huko Kisii unafanya nini na hamira?"

Nilikuwa nimechoka. Nilikuwa nimesahihisha karatasi za kidato cha pili tangu asubuhi, na katika kidato kizima walioweza kuchora seli walihesabika kwa vidole. Nikaona nikianza habari ya utando na steroli na kumeza tutakesha.

"Ni hamira tu, mama," nikamjibu. "Kama ile ya mandazi."

Uso wake ukalainika. Mandazi hayana dhambi. Hakuuliza tena, nami nikashukuru kwamba nimelimaliza jambo hilo kwa sentensi mbili.

Sasa turudi maabara. Friza kubwa tuliyohifadhia hamira zote ilikufa mwezi uleule tasnifu iliporudishwa. Ilikufa kimya, taa yake ya kijani ikiwaka kama kawaida, na tulipoifungua kila kitu ndani kilikuwa maji. Nilibaki na chupa mbili ndogo zilizokuwa kwenye friji ya kawaida, moja ya hamira ya kawaida na moja ya ile yenye hitilafu. Mtu aliyempa msimamizi wangu hamira hizo alikuwa ng'ambo na alishastaafu. Kuagiza nyingine kungechukua miezi ambayo sikuwa nayo.

Na hata hiyo friji ya kawaida sikuiamini. Fundi wa maabara yetu ni mtu mwema, Mwadventista kama sisi, na kila Ijumaa kabla jua halijazama huzunguka chumba kizima akizima vyombo ili Sabato imkute hana deni na umeme wa mwajiri. Kabati la joto, anazima. Mashine ya kutikisa, anazima. Ijumaa moja alizima na friji. Nilipomlalamikia Jumatatu alinitazama kwa upole ule unaokufanya utamani kupiga kelele.

"Madam, nilifikiria hizo zako zinapumzika pia," akasema.

Kwa hiyo likizo ilipoanza nilizibeba chupa zangu mbili nikaenda nazo nyumbani, nikaziweka kwenye friji ya mama, nyuma ya maziwa na soda za wageni. Najua. Kila aliyewahi kuingia maabara na anayesoma haya ananinyooshea kidole. Chupa za maabara haziwekwi karibu na chakula. Lakini friji ya mama haijawahi kuzimwa na mtu, na mimi nilikuwa nimefika mwisho wa imani yangu kwa binadamu. Nikabandika kipande cha utepe wa karatasi juu ya kila chupa. Ya kawaida nikaiandika K. Ile yenye hitilafu nikaiandika M, kwa sababu kwa Kiingereza cha maabara neno lake, mutant, linaanza na M, na mimi miaka minne nilikuwa nikifikiri kwa Kiingereza hicho bila kujua. Nilikuwa nimepanga kurudi Kisii Jumatatu, nikodi hadubini kwa siku nzima na nipige picha yangu.

Ijumaa kwetu ni siku ya maandalio. Kila kitakacholiwa Sabato hupikwa Ijumaa, nguo hupigwa pasi, maji huchotwa. Wiki hiyo zamu ya kulisha wanawake wa kanisa ilikuwa ya mama. Ili nimpunguzie kazi, nilijitolea kubeba gunia la majani chai mpaka kituo cha kununulia, nikangoja mizani kwa saa tatu kwenye manyunyu, nikarudi saa tisa mchana nikiwa nimelowa mpaka kiunoni.

Kitu cha kwanza nilichokiona kilikuwa chupa. Ilikuwa imeinamishwa kwenye kichanja cha vyombo, safi, inang'aa, karibu na sufuria na bilauri. Utepe ulikuwa umebanduliwa. Nilisimama mlangoni nikiitazama jinsi unavyomtazama mtu unayemjua akiwa mahali asipopaswa kuwa.

"Mama. Ile chupa."

"Nimekuoshea," alijibu. Alikuwa ameketi kwenye kigoda akichagua mboga. "Ilikuwa na uchafu umeganda chini. Nimetumia mchanga ndipo ukatoka."

"Na kilichokuwa ndani?"

"Hamira? Nimekandia mandazi. Yangu iliisha na duka la pale halikuwa nayo." Akaniona uso. "Si ni ya mandazi? Umeandika mwenyewe. M, mandazi. K, keki. Ya keki sijaigusa, sina mayai."

Nilimwuliza kwa sauti ambayo siipendi kuikumbuka kama anajua alichokifanya. Nilimwambia hiyo haikuwa hamira ya mandazi. Nilimwambia hiyo ilikuwa ndiyo iliyobaki duniani, jambo ambalo halikuwa kweli kabisa, lakini kwangu na kwa watahini lilikuwa kweli ya kutosha. Nilimwambia shahada yangu iko kwenye beseni lake. Mama aliweka kisu chini akasikiliza mpaka nikamaliza.

"Mwalimu," akasema taratibu, "ulisema ni hamira tu."

Maneno yangu mwenyewe yakanizidishia hasira. Nikamwuliza mandazi yako wapi. Yaliyokwisha kukaangwa yalikuwa kwenye ungo, yamefunikwa kitambaa, bapa na magumu, hayana hata tumbo. Hamira ikishapita kwenye mafuta ya moto imekufa, hakuna la kuokoa.

"Hata hamira yenyewe ni mbovu," mama akaongeza. Nadhani alitaka kunifariji. "Nimekanda tangu saa kumi na mbili asubuhi. Haikuumuka. Nusu ya unga nimeuacha hapo kwenye beseni, nilikuwa nataka kuwapa kuku."

Nikageuka. Chini ya meza, kwenye beseni la plastiki lililofunikwa kwa sahani, donge la unga lilikuwa limekaa kimya, kijivu kidogo, ukubwa wa kichwa cha mtoto. Haukuumuka. Kwa hiyo ndani yake hamira yangu, ambayo siku zote hukua polepole, ilikuwa bado ile ile mvivu, haijabadilika, na huenda ilikuwa hai. Nilipiga magoti kwenye sakafu ya jikoni na nguo zangu zilizolowa nikalinusa. Lilinuka unga na hamira. Nilimega bonge nikalitia kwenye mkebe wa majarini uliokwisha, nikaifunga chupa ya K kwenye leso, nikamwambia mama asiwape kuku kilichobaki hata wakilia, nikatoka.

Tatizo lilikuwa hili. Unga wa ngano una hamira zake za porini na bakteria wa kila namna. Kupata hamira yangu humo ni kutafuta mtoto mmoja katika gwaride la shule, wote wakiwa wamevaa sare. Nililiwaza njia nzima ndani ya matatu, na tulipokuwa tunakaribia Kisii nikacheka peke yangu, kwa uchungu, maana jibu lilikuwa kwenye sura ya pili ya tasnifu yangu mwenyewe. Kuna dawa inayoitwa nistatini. Inaua fangasi kwa kuing'ang'ania ergosteroli ya utando na kutoboa matundu. Hamira isiyo na ergosteroli haina cha kung'ang'aniwa. Ingekufa kila hamira ya porini, na ile yangu, kwa ulemavu wake ule ule uliowafanya watahini waitake, ingebaki.

Na nistatini inauzwa kila duka la dawa, matone ya manjano ya watoto wachanga wenye utando mweupe mdomoni. Niliingia la kwanza nililoliona.

"Mtoto ana umri gani?" kijana wa kaunta akaniuliza.

"Miaka minne," nikasema. Sijui kwa nini. Nilikuwa nafikiria tasnifu.

"Miaka minne na bado ana utando? Hapo madam lazima aonekane na daktari. Anakula vizuri? Anameza?"

"Hamezi!" nikapiga kelele. "Hiyo ndiyo shida yake, hamezi! Nipe dawa!"

Wateja wawili walinihurumia kwa macho. Kijana alinipa chupa ya matone, nikaomba na vidonge vya kuua bakteria, akakataa kuvitoa bila karatasi ya daktari, na alikuwa na haki. Nilikumbuka kwamba maabara tunavyo. Nikaondoka bila kuaga.

Fundi alikuwa mlangoni, ufunguo tayari uko kwenye kufuli. Ilikuwa saa kumi na moja na dakika kadhaa. Alinitazama: viatu vya matope, leso, mkebe wa majarini kifuani.

"Madam, nishazima kila kitu," akasema. "Hiyo umebeba ni chakula?"

"Ni unga wa mandazi. Ndani yake kuna hamira yangu. Mama alikandia."

Nilitegemea acheke. Kama angecheka ningemrushia mkebe. Badala yake alinyoosha shingo akatazama jua juu ya migomba ya upande wa pili, kama mtu anayesoma saa ya ukutani.

"Tuko na saa moja na nusu hivi," akasema. "Sabato haijaingia. Mimi naweza kuchemsha jeli, wewe ponda unga."

Tukaanza kazi. Aliyeyusha jeli ya kuoteshea, akaipoza, mimi nikatia dawa ya bakteria kisha matone ya manjano, tukamimina kwenye visahani. Nilikoroga unga katika maji safi, nikauchovya waya, nikachora mistari upande mmoja wa kila kisahani. Upande wa pili nikachora hamira ya K, ambayo ilipaswa kufa. Kama K ingeota, basi dawa haikufanya kazi na sina ninachojua. Kama pasingeota chochote pande zote mbili, basi M alikuwa amekufa na nimekwisha.

Tulipoviweka visahani kwenye kabati la joto, fundi aliwasha swichi, akasimama akaitazama kwa muda. Niliviona vita vyote usoni mwake.

"Kesho siwezi kukufungulia," akasema. "Usiniombe. Lakini hii siizimi."

Nilimshukuru kwa sauti ndogo. Hasira zote nilizokuwa nimemwekea kwa miezi zilikuwa bado zipo, ila hazikuwa na pa kukaa jioni hiyo.

Sabato nilikaa kanisani Kebirigo sikusikia neno. Wanawake wa kanisa walikula mandazi bapa kwa adabu. Mmoja wao alimsifu mama kwamba hayanyonyi mafuta. Hakuna aliyeumwa hata tumbo, maana hamira ni hamira. Mama hakuniangalia siku nzima.

Jumatatu fundi alinifungulia, nikakishika kisahani cha kwanza kwa mikono miwili. Upande wa K ulikuwa mtupu, jeli tupu inayong'aa. Upande wa unga kulikuwa na vidoa vitatu, vidogo kama vichwa vya pini, vimechelewa, vinyonge. Visahani vingine vilikuwa na kimoja, viwili. Nilikaa kwenye kiti nikalia. Fundi akajifanya anatafuta kitu kabatini.

Nilikuza kidoa kimoja kwa siku nne, nikakitia rangi nyekundu, nikangoja. Kwenye hadubini seli za K zilikuwa zimekwisha kuimeza rangi. Za M zilikuwa zimekaa na pete zao, safi kuliko picha ya kwanza, rangi imekwama mlangoni kila moja. Niliipiga picha mara thelathini kwa woga. Niliituma. Watahini waliikubali kwa barua ya mistari mitatu, kwa wino uleule wa kijani, bila hata kuuliza hamira ilikuwa imepita wapi.

Nilienda nyumbani kumwambia mama. Alikuwa anachemsha maziwa. Nilikuwa nimejiandaa kuomba msamaha kwa ile sauti niliyomtolea, nikaomba, akaupokea kwa kuitikia tu. Kisha akaniuliza, mgongo umenielekea, hiyo hamira ilikuwa na ugonjwa gani hata ikawa ya maana hivyo.

Nilikaa chini. Mara ya kwanza kwa miaka minne, nilimweleza. Kando palikuwa na bakuli la maziwa yaliyopoa na kushika utando juu, nikachukua kijiko na kuubonyeza katikati polepole, ukazama, ukafanya kijifuko. Nikamwambia, hivi ndivyo seli inavyomeza. Nikamwambia habari ya mafuta yake, na ile iliyonyimwa mafuta hayo, na rangi inayobaki nje mlangoni. Alisikiliza akiwa amekunja mikono. Alipouliza, aliuliza hivi:

"Na ukiipa hayo mafuta wewe mwenyewe, kwa nje, itameza?"

Nilimtazama. Msimamizi wangu alikuwa ameniuliza swali hilohilo mwaka wa pili, na lilinichukua sura nzima kulijibu. Nikamwambia kwamba panapokuwa na hewa hamira haiyachukui mafuta ya nje, hata ukiyamwaga kando yake. Inataka yale iliyojitengenezea.

Mama aliitikia kwa kichwa, akazima moto. "Wanawake wa kanisa huniuliza," akasema. "Hamira ina nini cha kusomewa miaka minne? Nami nawaambia, yeye mwenyewe ndiye anajua. Nimekuombea kila Sabato ufaulu, na sikujua naombea kitu gani."

Akachukua kile kijiko mkononi mwangu, akaubonyeza utando wa maziwa mwenyewe, akautazama ukizama.

"Ngozi ikikosa mafuta yake, seli haimezi," akasema, kama anayejaribu sentensi ambayo ataisema mbele ya watu. Kisha akanigeukia. "Kumbe ni hivi tu. Na miaka yote hii ulikuwa umeninyima."